Mwizi akiingia usiku: kujitetea kunaishia wapi, kuua kunaanzia wapi?

Kila mara mwizi anapouawa ndani ya nyumba ya watu, asubuhi mutaa unagawanyika. Wamoja wanasema: « Amefanya vizuri, na wengine wasikie. » Wengine wanauliza kwa sauti ya chini: « Na sasa, yeye hawatamufunga? » Mara nyingi hawa wa pili njo wanaona mbali. Polisi inafika, mwenye nyumba anapelekwa, na familia inabaki na mushangao: mutu amevamiwa kwake, na tena ni yeye analala kasho.

Kwetu mashariki, swali hili si la darasani. Toka Bunia mupaka Kalemie, watu wengi wanalala na panga chini ya kitanda. Mabandi wanavunja mulango saa nane ya usiku. Unapiga simu, haiitikiwe. Ama usalama unafika wakati kila kitu kimekwisha. Katika hali hiyo mutu analazimika kujiamulia mwenyewe, katika giza, na watoto wanalia nyuma yake. Ni vizuri ajue mbele ya usiku huo sheria itamuuliza nini kesho yake.

Jibu kwa kifupi ni hili: sheria haiulizi tu kama yule mutu alikuwa mwizi. Haiulizi tu kama alikuwa kwako. Inauliza: dakika ile ulipomupiga, maisha ya mutu yalikuwa hatarini? Na ulikuwa na njia ingine? Mengine yote katika makala hii ni kufasiria maswali hayo mawili.

Sheria yetu inasema nini?

Watu wengi wanafikiri kuna artikle katika kitabu cha sheria inayosema wazi: « mwenye nyumba anaweza kuua mwizi usiku. » Artikle hiyo haiko. Code pénal yetu ni ya tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka wa 1940, wakati wa ukoloni wa Wabeleji, na imebadilishwa mara nyingi. Lakini mupaka leo haina artikle ya jumla inayoeleza kujitetea, ile wanasheria wanaita kwa Kifaransa *légitime défense*.

Hii haimaanishe kama kujitetea kumekatazwa. Waamuzi wa Kongo wanakubali kujitetea kama kanuni kubwa ya sheria, hata kama haikuandikwa. Mutu akionyesha kama alijitetea kweli, hakuna kosa: hafungwe, na halipe malipo kwa familia ya marehemu. Lakini kwa kuwa haikuandikwa neno kwa neno, kila kesi inapimwa peke yake. Usingojee mwamuzi ajue mwenyewe yaliyotokea kwako. Wewe na avoka wako njo mutaleta alama na mashahidi.

Kuko na jambo lingine linalochanganya watu. Wale wanaofuata televizyo za Ulaya wamesikia kama Ufaransa, mutu akifukuza usiku mwenye kuvunja nyumba inayokaliwa, sheria inaanza kwa kumuhesabu kama alijitetea. Ni kweli, iko katika Code pénal ya Ufaransa, artikle 122-6. Lakini hiyo ni sheria ya Wafaransa. Katika Code pénal yetu neno hilo halikuandikwa. Usiku na mulango uliovunjwa vinakusaidia sana mbele ya mwamuzi, lakini havitoshi peke yao.

Kwa upande mwingine, malipo ya kosa yameandikwa wazi. Artikle 44 inasema kuua kwa kusudi kunaadhibiwa na kifo. Artikle 45 inasema vilevile kwa mwenye kupanga mbele. Artikle 48 inaangalia mutu aliyepiga bila nia ya kuua, lakini aliyepigwa akafa: kifungo cha miaka 5 mupaka 20. Hukumu za kifo hazikutekelezwa Kongo toka mwaka wa 2003, lakini mwezi wa tatu mwaka wa 2024 serikali iliondoa hatua iliyokuwa inazizuia. Kwa hiyo, si mambo ya kuchezea.

Masharti matano ya kujitetea

Wanasheria wanapima kujitetea kwa masharti. Tunayaeleza hapa kwa luga ya nyumbani.

Kwanza, shambulio liwe la bila haki. Mutu anayevunja mulango wako na panga mukononi hana haki yoyote. Lakini wisye aliyetumwa na tribinali, akiwa na hukumu mukononi, hata kama anakuja kukutosha katika shamba ama nyumba, huyo hauwezi kumukata kisha useme ulijitetea. Kama hukumu ni mubaya, unaipinga kwa njia ya sheria. Tunalisema kwa sababu kwetu kesi nyingi za damu zinaanzia kwa mipaka ya mashamba na ya parsele.

Pili, hatari iwe ya sasa hivi. Iwe imeanza, ama iwe karibu kuanza mbele ya macho yako. « Aliniibia juzi » si kujitetea. « Nilisikia atakuja tena kesho » si kujitetea pia. Ya juzi inaitwa kulipiza kisasi, na ya kesho unaipeleka kwa polisi na kwa shefu wa mutaa.

Tatu, hatari iwe juu ya mwili ama maisha ya mutu. Si lazima iwe wewe. Unaweza kutetea bibi yako, mutoto, mugeni, jirani anayelia kule ngambo ya lupango. Kubaka kunaingia hapa pia: mwanamuke anayepigana na mutu anayetaka kumubaka anatetea mwili wake, na anayekuja kumusaidia anatetea vilevile.

Ine, kupiga kuwe ni lazima. Sheria haikuombe ukimbie na kuacha watoto ndani. Lakini kama ulikuwa na njia ingine ya wazi, kwa mufano kufunga mulango wa chumba na kupiga kelele mupaka majirani wafike, mwamuzi atauliza sababu gani haukuitumia.

Tano, kipimo. Nguvu unayotumia ilingane na hatari inayokukuta. Mutu mwenye bunduki ama panga anakuweka katika hatari ya kifo. Kijana mwenye mikono mitupu, anayenyoosha mukono katika dirisha kuchukua simu, hakuweki katika hatari hiyo. Kulingana si kupima kwa mizani: hakuna anayekuomba uhesabu fimbo ngapi katika giza. Lakini kama mutu alikuja kuiba sufuria na ukamukata kichwa, hakuna mwamuzi atakayeona hapo kipimo.

Usiku mumoja, majibu matatu

Tuchukue mufano. Ni mufano wa kuelewa tu, si habari ya mutu fulani.

Mabandi watatu wanavunja mulango wa baba mumoja usiku. Wa kwanza anainua panga juu ya mama wa nyumba na kuomba feza. Baba anashika jembe lililokuwa kwenye ukuta, anamupiga kichwani mara moja. Bandi anaanguka, anakufa. Hapa masharti yote yako: bila haki, sasa hivi, juu ya maisha, hakuna wakati wa kutafuta njia ingine, panga kwa jembe. Baba huyo alijitetea.

Wa pili anaona mwenzake ameanguka. Anaruka dirisha na radio kwapani, anakimbia. Baba anamufuata. Kule mbali, kwenye mufereji, anamufikia na kumupiga jembe la mugongo. Naye anakufa. Hapa jibu linabadilika. Mutu aliyekupa mugongo na anayekimbia hakutishe tena. Baba hakutetea maisha, alitetea radio, ama alikuwa na hasira. Hasira yake inaeleweka, na mwamuzi anaweza kuihesabu kama sababu ya kupunguza azabu. Lakini kupunguza azabu si kuachiliwa.

Wa tatu alibaki ndani, chini ya kitanda. Ni kijana. Majirani wanamutosha, anainua mikono, wanamufunga kamba. Kisha wanaanza kumupiga kwa zamu mupaka kunakucha. Saa kumi na mbili amekufa. Hapo hakuna kujitetea hata kidogo. Mutu aliyefungwa kamba hana namna ya kushambulia. Ni kuua, na wote walioshika fimbo wanaweza kuitwa.

Nyumba ni moja, usiku ni mumoja, wezi ni wale wale, na aliyeanzisha maneno yote ni wao. Lakini majibu ni matatu tofauti. Kinachoyatofautisha si ubaya wa mwizi. Ni dakika ile uliyomupiga.

« Lakini ni mali yangu! »

Hili njo neno linaumiza watu zaidi. Mutu amefanya kazi miaka tatu akauza mahindi, akanunua piki. Usiku mumoja wanaipeleka. Ama ni mbuzi za familia, ama mashini ya kushona inayolipa masomo ya watoto. Kumuambia « hiyo ni mali tu » ni kumutukana.

Wanasheria wenyewe hawako na sauti moja juu ya mali. Kuko wanaokubali mutu atumie nguvu kiasi kutetea vitu vyake: kumusukuma mwizi, kumunyanganya, kumufunga. Lakini kuua mutu juu ya kitu peke yake, bila hatari kwa maisha ya yeyote, hapo kipimo hakipatikane. Mbuzi unaweza kupata mwingine hata kwa shida. Yule mutu harudi, na wewe pia miaka yako ya gereza hairudi.

Wengine wanajibu hivi: « Sheria yenyewe inasema mwizi mwenye silaha auawe. Sisi tunafanya tu ile sheria inasema. » Ni kweli, artikle 81 bis ya Code pénal inaweka hukumu ya kifo kwa wizi wa kutumia silaha. Lakini hukumu inatolewa na tribinali, kisha mutu kusikilizwa na kuteteliwa. Artikle 17 ya Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka wa 2006 inasema kila anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mupaka ahukumiwe. Mutaa haukupewa kazi ya kuhukumu. Mara ngapi tumesikia kama mutu aliyechomwa moto kwa kelele za « mwizi, mwizi » alikuwa tu mulevi aliyepotea njia, ama mudai wa deni, ama mugonjwa wa akili?

Mwizi ameshikwa: sasa nini?

Raia ana haki ya kumushika mwizi. Sheria ya mwenendo wa kesi za makosa, ya tarehe 6 mwezi wa nane mwaka wa 1959, artikle ya 6, inasema: kama mutu ameshikwa katika tendo lenyewe, kwa kosa linaloweza kuleta kifungo cha miaka 3 ama zaidi, na hakuna opeje wala mukubwa wa parke pale, mutu yeyote anaweza kumukamata na kumupeleka mara moja kwa mukubwa wa karibu. Wizi unaingia humo.

Sikia vizuri maneno haya: kumukamata na kumupeleka mara moja. Hayaseme kumulaza inje kwenye baridi mupaka asubuhi. Hayaseme kumuuliza majina ya wenzake kwa mushipi wa waya. Ukimufunga mikono ili asikimbie, uko katika sheria. Ukimupiga kisha kumufunga, umetoka ndani yake.

Na wale wanaosimama pembeni? Code pénal haiangalie tu mwenye fimbo. Aliyeleta tairi, aliyetoa petroli, aliyeshikilia miguu, anaweza kuhesabiwa kama mutenda kosa sawa na wengine, kama bila musaada wake kosa halingefanyika. Na kutosaidia mutu aliye hatarini, wakati ungeweza kumusaidia bila kujitia hatarini, ni kosa pia. Wazazi waelezee vijana: kupiga picha na simu wakati mutu anachomwa si mchezo. Picha hiyo inaweza kufika katika dosye ya parke, na sura zote zinaonekana humo.

« Ilikuwa giza, sikujua ni nani »

Usiku hakuna mutu anaona vizuri. Mwamuzi anajua hilo. Anajaribu kujiweka pale uliposimama: kulikuwa na mwanga? Walikuwa wangapi? Ulisikia risasi? Walivunja mulango ama waligonga? Walisema nini? Mutaa ulikuwa umevamiwa juma hilo? Kama mutu yeyote mwenye akili, pale ulipokuwa, angeamini kama anataka kuuawa, hilo lina uzito mbele ya mwamuzi, hata kama baadaye inaonekana kama bunduki ya bandi ilikuwa ya mbao.

Lakini kuko makosa ambayo giza halifute. Mutoto wa nyumba aliyerudi usiku na kuruka lupango kwa kuogopa baba. Jirani aliyelewa akakosea mulango. Mugonjwa anayetafuta musaada. Ukipiga mbele ya kuuliza « Ni nani? », na hakuna alama yoyote ya shambulio, kesi inaweza kuwa ya kuua kwa uzembe, ile sheria inaita kukosa kuangalia mbele na kukosa uangalifu, na hiyo pia ina kifungo. Kuita jina na kuwasha tochi hakuchukue hata sekunde tano. Tena mara nyingi sauti ya mwenye nyumba aliye macho inatosha kumufukuza mwizi wa kawaida.

Kuko na ugumu mwingine tunaoujua sote: watu wenye uniforme. Artikle 29 ya Katiba inasema nyumba ya mutu haivunjwe, na upekuzi unafanyika tu kwa namna ya sheria. Kwa kawaida upekuzi hauanze mbele ya saa kumi na moja ya asubuhi wala kisha saa tatu ya usiku, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Kwa hiyo, watu wanaogonga saa saba ya usiku wakisema ni usalama, una haki ya kuuliza wao ni nani, nani amewatuma, karatasi iko wapi, na kumupigia simu shefu wa avenyu afike. Lakini uniforme peke yake haikupe ruhusa ya kushambulia. Kama wanabaki katika kugonga na kuita, ongea ukiwa ndani. Kama wanavunja na kuanza kupiga watu, tunarudi kwa yale masharti matano.

Bunduki na mitego

Wengine wanaona dawa ni kununua bunduki. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka wa 1985 juu ya silaha na risasi inaomba ruhusa ya serikali. Silaha ya vita, kama ile AK inayozunguka katika vijiji vyetu, raia haruhusiwe kuwa nayo hata siku moja. Ukiitumia, hata kama ulijitetea kweli, unajitia kosa la pili: kuwa na silaha bila ruhusa. Na kesi ya silaha ya vita inaweza kukupeleka mbele ya tribinali ya kijeshi. Tukumbuke pia kama Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya dharura, *état de siège*, toka tarehe 6 mwezi wa tano mwaka wa 2021, na kesi nyingi za makosa za raia zikapelekwa kwa waamuzi wa kijeshi.

Wengine wanaweka waya wa umeme kwenye dirisha, ama misumari na mashimo kando ya lupango. Mutego hauwezi kupima hatari. Haujue kama aliyeugusa ni bandi ama mutoto anayetafuta mupira. Wewe umelala, hakuna anayekushambulia, na mutu anakufa. Ni vigumu sana kuita hiyo kujitetea. Mbwa, kadena ya nguvu, mulango wa chuma, taa ya inje, chupa zilizovunjwa juu ya ukuta zinazoonekana na kila mutu: hivyo vinazuia bila kuua.

Kama imetokea kwako

Mutu amekufa kwako. Unatetemeka. Shauri la kwanza la ndugu mara nyingi ni: « Kimbia. » Ni shauri mubaya. Anayekimbia anaonekana kama mwenye kosa, na nyuma yake wanabaki bibi na watoto kujibu maswali. Haya njo yanaweza kukusaidia:

Muite shefu wa avenyu na majirani mara moja, kisha polisi. Kama mwizi bado ana pumuzi, mumupeleke kwa hospitali. Kumusaidia kunaonyesha kama haukutaka kifo chake, ulitaka tu kuokoa maisha.

Musisogeze maiti. Musioshe damu. Musitengeneze mulango uliovunjwa mbele opeje hajaona. Mulango huo ni shahidi wako. Panga la bandi, viatu alivyoacha, tochi yake, musivishike. Piga picha kama inawezekana.

Kama wewe ama mutu wa nyumba ameumizwa, muende kwa munganga siku ile ile, awape karatasi inayoeleza vidonda. Kidonda kinapona, na kikipona bila karatasi hautakuwa na cha kuonyesha.

Opeje atakuuliza. Sema ukweli, bila kuongeza. Usiseme « walikuwa kumi » kama walikuwa wawili. Una haki ya avoka: artikle 19 ya Katiba inasema hivyo, kwa kila hatua ya kesi. Kama haukuelewa karatasi unayoombwa kutia sinyatire, omba wakusomee katika luga unayoisikia. Usitie sinyatire kwa kuogopa.

Artikle 18 ya Katiba inasema polisi haiwezi kukushika zaidi ya saa 48. Kisha hapo wakuachilie ama wakupeleke mbele ya mukubwa wa sheria. Familia ihesabu saa hizo. Lakini tuseme wazi pia: siku za kwanza, kasho inaweza kumulinda mwenye nyumba, kwa sababu familia ya marehemu inaweza kuja na hasira. Wazee wa mutaa waende kuongea na familia hiyo mapema. Kuongea hakuzime kesi, lakini kunaweza kuzima damu ya pili.

Na kule ambako tribinali hazifanye kazi sababu ya vita? Goma iliangukia mukononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Wengine wanafikiri: hakuna parke, basi hakuna kesi. Hesabu vizuri. Kwa makosa makubwa kama kuua, Code pénal inaacha miaka 10 ya kufungua mashitaka. Vita inaweza kuisha mbele ya miaka hiyo, na dosye inaweza kufunguliwa. Kwa hiyo, hata bila opeje, tunza alama: andika majina ya mashahidi, tarehe, saa, tunza picha na karatasi ya munganga.

Juu ya nini watu hawangojee sheria

Tusidanganyane. Watu hawaue wezi kwa kukosa kujua sheria tu. Wanaua kwa kuwa mwizi waliyemupeleka kwa polisi siku ya kwanza ya juma, siku ya ine wanakutana naye sokoni, anawachekea. Wanaua kwa kuwa walipiga simu na hakuna aliyefika. Hasira hiyo ina mizizi, na viongozi wanapaswa kuisikia: kasho inayouza uhuru wa mwizi inatengeneza tairi la kesho.

Lakini kuna upande wetu pia. Mara nyingi mwizi anaachiliwa kwa kuwa hakuna aliyeenda kushitaki. Mutaa mzima ulimusindikiza mupaka kwenye mulango wa polisi, kisha kila mutu akarudi kwake. Hakuna jina katika karatasi, hakuna shahidi, hakuna kitu kilichoibiwa kinachoonyeshwa. Kisha saa 48, opeje hana dosye. Mutaa ukichagua watu wawili wa kufuata kesi mupaka kwa parke, ukiandika namba ya dosye, unakuwa na haki ya kuuliza kwa sauti: « Yule mutu ametoka namna gani? »

Na usiku wenyewe, kinga ya kwanza si panga. Katika mitaa mingi yetu watu walijifunza kupiga masufuria na filimbi kila mara nyumba moja inavamiwa. Nyumba moja inaanza, kumi zinaitika, kilima kizima kinaamuka. Mabandi wanaogopa watu wengi walio macho kuliko mutu mumoja mwenye panga. Ni njia isiyomwaga damu, na haiombe ruhusa ya serikali. Lakini mupatane mbele: kelele ni za kufukuza na kuamusha. Akishikwa, nani atamufunga, nani atamuita shefu, nani atasimama mbele ya vijana wenye mawe? Mambo hayo yapangwe muchana, katika mukutano wa avenyu, kwa sababu usiku, kati ya kelele, hakuna anayesikia shauri.

Mwenye nyumba anayesimama mbele ya watoto wake na kumupiga anayetaka kuwaua, sheria ya Kongo iko upande wake, hata kama haikumuandikia artikle. Bandi akianguka, akikimbia, ama akiinua mikono, kazi ya kutetea imekwisha. Fimbo inayokuja kisha hapo ina jina lingine, na mwenye kuishika ataijibu yeye mwenyewe.